Kichina kwa watoto: tusisubiri mpaka wafike chuo

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Najua kuna watu hapa wameshanisikia nikilisema hili mpaka wamechoka, leo nalisema tena sababu bado naambiwa "mwalimu, Kichina subiri mtoto afike chuo". Akifika chuo sikio limeshakuwa gumu jamani!

Kichina kina toni nne, yani silabi ileile ukiipandisha au ukiishusha inakuwa neno jingine kabisa. Mtu mzima aliyezoea Kiswahili, ambacho hakina toni, hapo anateseka kwelikweli. Sasa darasani kwangu kulikuwa na binti mdogo wa Chemba, kwao wanaongea Kisandawe. Wenzie wanapiga kelele silabi zote kwa sauti moja, yeye katulia anasikiliza tu, nikamwita mbele, katoa toni zote nne zimenyooka! Nikaanza kuzichanganya makusudi, akawa ananifuata na kidole hewani, juu, chini, inashuka afu inapanda, hakosei. Kwanini? Kisandawe nacho ni lugha ya toni, sikio lake lilishazoea hiyo kazi tangu akiwa mgongoni kwa bibi. Halafu mtu ananiambia Kichina hakiwafai watoto wa huku kwetu!

Mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa, najua anawaza Kiingereza chenyewe hawajakijua. Mzee, mtoto wa Kondoa anaongea Kirangi nyumbani, Kiswahili shuleni, akifika sekondari kila somo ni Kiingereza, na bado yupo na Kirangi chake kipo. Kichwa cha mtoto siyo kiroba kwamba ukiongeza debe moja kinapasuka.

Mambo ya ajira sikai nayo sana, mnayajua. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanafuata mzigo Guangzhou na Yiwu huko China, wanamlipa mkalimani na hawajui anakubaliana nini na muuzaji, inauma. Hapa hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina ipo tangu 2013, na ukiomba skolashipu ya kusoma China kwa Kichina cheti cha HSK, ule mtihani wa kupima Kichina, lazima wakuulize.

Maandishi nilitaka niyaeleze vizuri ila mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi mtoto anaanza na pinyin, yani Kichina kilichoandikwa kwa herufi hizihizi zetu za a e i o u, yale maumbo yanakuja taratibu. Jumamosi saa tatu aje na daftari la hesabu, lile la viboksi, kila umbo linakaa kwenye boksi lake, penseli na ufutio, peni hapana.