Umemlipa mkandarasi, aliyeezeka paa je?

Mabibi na mabwana, wengi wanaojenga Marekani hushtuka wakisikia hili: unaweza kumlipa mkandarasi wako mpaka senti ya mwisho, risiti unayo, na bado nyumba ikadaiwa. Aliyeezeka paa hana mkataba nawe, mkataba wake ni na mkandarasi. Lakini mkandarasi akizila zile pesa, sheria inamruhusu mwezekaji kusajili dai juu ya nyumba yako, na akishinda mahakamani inaweza kuuzwa ili alipwe. Mwuza mbao vilevile.

Si sheria ya jana. Jimbo la Maryland liliipitisha mwaka 1791, waasisi wa Marekani Thomas Jefferson na James Madison wakiwa miongoni mwa walioitaka, maana mji mkuu mpya, Washington, ulikuwa unajengwa na mafundi waliogopa kufanya kazi kwa mkopo. Mimi siilaumu. Fundi akishapigilia misumari, hawezi kuing'oa arudi nayo kwake.

Tuchukue California. Fundi wa chini, yaani aliyepewa kazi na mkandarasi, anatakiwa akuletee taarifa ya awali, barua ya kukujulisha kwamba anafanya kazi kwako, ndani ya siku 20 tangu aanze kazi. Watu huipokea kwa hasira, wakidhani wameshtakiwa. Usiitupe! Ndiyo inayokuonyesha nani wa kuulizia kabla hujaandika hundi.

Halafu kuna hati ya kuachilia dai, na hapa naomba tusikimbie. Ipo yenye sharti: naachilia haki yangu hundi ikishapita benki. Ipo isiyo na sharti: haki imekwisha pale pale, hata kama fundi hajaona pesa. Ndiyo maana fundi mwerevu haitii saini mapema, na ukimshurutisha unamwonea. Unapotoa hundi, pokea yenye sharti. Benki ikishalipa, mwombe ile isiyo na sharti. Saini iwe ya fundi mwenyewe. Mkandarasi hana uwezo wa kuachilia haki isiyo yake.

Akikwambia "mwezekaji niachie mimi", andika hundi ya pamoja, majina yote mawili, katikati "na", siyo "au". Hilo neno dogo ndilo linalowalazimu kutia saini wote.

Dada pale anauliza habari za Texas. Huko mwenye nyumba hutakiwa kubakiza asilimia 10 ya malipo kwa siku 30 baada ya kazi kukamilika. Asipobakiza, mafundi wasiolipwa wanaweza kumdai kiasi hicho hata kama alishamaliza kumlipa mkandarasi.