Laini ya Faiba: Mwanga Unapotelea Wapi Kabla ya Kumfikia Mteja

Ndugu mafundi, karibuni. Leo tunashughulikia vipande vya laini ya faiba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga) visivyohitaji umeme: spilita (vigawa mwanga), konekta (vichwa vya kuchomeka), adapta (vya kukutanisha konekta mbili) na vipunguza mwanga. Umeme wa mtaa ukikatika, vyenyewe havina habari. Ila hakuna hata kimoja kinachoongeza mwanga, vyote vinakula. Piga hesabu kabla hujapanda nguzo.

GPON, mfumo wa faiba unaogawa laini moja kwa wateja wengi, ikiwa ya daraja B+ inavumilia upotevu wa desibeli 28 (desibeli ndicho kipimo cha mwanga unaopotea). Tuseme mitambo inayotuma mwanga iko Ntinda, Kampala, mteja yuko upande wa Kira, na kebo inazunguka kilomita 10. Kwa mwanga wa nanomita 1310, faiba inakula desibeli 0.35 hivi kila kilomita: 3.5. Spilita ya 1 kwa 32 inakula kama 17. Kugawa peke yake ni 15, zinazozidi zinapotea ndani ya kifaa chenyewe. Konekta nne, 0.5 kila moja: 2. Maungio sita ya kuyeyusha, 0.1 kila moja: 0.6. Jumla 23.1, zinabaki 4.9. Tenga 3 ziwe akiba, maana wachimba mitaro wataikata kebo nanyi mtaiunga. Sasa mtu akiongeza spilita ya 1 kwa 2, inayokula 3.5 hivi, akiba ameshaigusa.

Kwenye konekta tusiharakishe. Kiini cha faiba kina upana wa maikromita 9 tu, na vumbi letu la murram halihitaji mwaliko. Kagua kwa darubini, safisha, kagua tena, ndipo uchomeke, hata kama konekta imetoka kwenye pakiti sasa hivi. Usipulize kwa mdomo; unaweka unyevu. Ya kijani, APC, imesuguliwa kwa mwinamo wa digrii 8. Ya bluu, UPC, haina mwinamo huo. Ukizikutanisha zinaingia vizuri tu (hapo ndipo mtego ulipo), lakini nyuso hazigusani: mwanga unapotea, mwingine unarudi ulikotoka.

Ukipima upotevu ukakuta mwanga wa nanomita 1550 unapoteza zaidi sana kuliko wa 1310, tafuta mahali kebo ilipopindwa. Zote mbili zikipoteza karibu sawa, shuku uchafu au ungio.

Na mnapojaribu modemu mezani bila spilita, wekeni kipunguza mwanga cha desibeli 15. Mitambo ikitoa +3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), modemu itapokea −12. Bila hicho mwanga unavuka kikomo chake cha −8, nayo inaweza kuharibika.