Daftari la Mbuzi Waliokufa

Mbukwenyi! Shikamooni wakubwa wangu mliokaa mbele, na nyie vijana mliobanana kule chini ya mgunga, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya msimu wa mbuzi kuzaa, na aliyenialika amenionya nisizidishe nusu saa kwa sababu supu iko jikoni. Supu ya nini, sikuuliza.

Nimekuja na daftari. Ni daftari la shule tu, jalada lilishatoka. Upande wa mbele nimeandika kila mtoto wa mbuzi aliyezaliwa zizini kwangu: siku, mama yake, jike au dume, pacha au peke yake. Kisha nikaligeuza, na kuanzia nyuma nikaandika kila aliyekufa.

Hizo kurasa za mbele kila mfugaji anazo kichwani. Ukimuuliza mtu hapa Kongwa ana mbuzi wangapi atajua, ingawa hatakwambia, maana hesabu ya mifugo haitangazwi. Lakini muulize wangapi wamekufa kabla ya kufikisha miezi mitatu. Atasema, "Ah, wachache, mambo ya Mungu." Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, na nilikuwa afisa mifugo, nimevaa gambuti za serikali, natembea vijiji vya watu nikiwafundisha. Mwaka wa kwanza wa daftari walizaliwa 31, wakafa 11. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Kilichoniumiza zaidi ni safu ya sababu. Miaka yote hiyo nilikuwa nalalamika juu ya fisi na mbweha. Kumbe fisi na mbweha kwa pamoja walikuwa wamechukua wawili. Saba walikufa ndani ya siku tatu za kwanza, zizini, mlango umefungwa, na mimi nimelala mita thelathini kutoka pale. Fisi tulimsingizia.

Sasa tuhesabu miezi kidogo. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Beberu ukimwachia Julai, watoto wanakuja Desemba, mvua imeshapiga, majani yanachipua, mama anapata maziwa. Wazee walilijua hili bila kalenda ya ukutani. Wamasai humfunga beberu kipande cha ngozi chini ya tumbo asiweze kupanda majike nje ya wakati. Ukimkuta beberu amevalishwa aproni usicheke, huo ni uzazi wa mpango.

Lakini tazameni mtego uliopo. Huku kwetu Dodoma mvua ni moja tu kwa mwaka. Ukitaka mtoto azaliwe majani yakiwapo, basi mimba lazima ikomae Oktoba na Novemba, wakati ardhi imebaki vumbi na mbuzi anatembea kutwa nzima kutafuta jani moja kavu. Na mtoto tumboni hakui sawasawa miezi yote mitano. Sehemu kubwa ya uzito wake anaupata katika wiki sita hadi nane za mwisho. Wiki hizo hizo! Mama mwenye mapacha anaanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake mwenyewe ili awalishe. Utamwona amejitenga, amelala, chakula hataki, na ukinusa pumzi yake ina harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Nimeitwa mara nyingi kwa mbuzi wa namna hiyo nikaambiwa amerogwa. Hajarogwa, ana njaa.

Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa hapa kwamba alikufa tarehe 14 Desemba, dhaifu, mama hana maziwa, kifo chake kilianza Oktoba. Kilianzia pale nilipouza mashudu ya alizeti yote nikanunua bati. Siku hizi natenga gunia. Majike yenye mimba kubwa yanapata konzi ya mashudu jioni, na majani ya karanga niliyoyaanika tangu tulipovuna. Na matunda ya mgunga, haya haya mnayoyakalia: yakidondoka kiangazi, watoto wanayaokota, tunajaza magunia. Hayana gharama yoyote isipokuwa ugomvi na wajukuu.

Kuzaa kwenyewe sitakaa nako sana, maana mbuzi wengi hawatuhitaji. Kiwele kinajaa, mishipa ya pembeni mwa mkia inalegea mpaka unaona mashimo, anajitenga, anakwaruza chini, analala, anaamka. Mwache. Nimeona watoto wengi wakiumizwa na wanaume wenye haraka kuliko na uchungu wa mama. Mtoto anayekuja vizuri anatanguliza kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake, kama mtu anayepiga mbizi. Ukiona hivyo, kaa pembeni unywe chai yako. Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kinachosogea, hapo ndipo msaada unahitajika: kucha zikatwe, mikono ioshwe kwa sabuni, ipakwe mafuta ya kula, na aingize mkono mtu mwenye mkono mdogo. Kwangu mimi mtu huyo ni mke wangu. Mbuzi wetu wa kienyeji ana kilo 25 hivi, hana nafasi ya mkono kama wangu. Mguu ukiwa umekunjika nyuma au shingo imegeuka, mtoto anarudishwa ndani kwanza mama anapopumzika kusukuma, ndipo anyooshwe. Msivute kilichopinda. Na kondo la nyuma liacheni litoke lenyewe, kisha lifukiwe, mbwa wasilipate.

Ninachotaka tukae nacho ni ukurasa wa tisa kutoka nyuma.

Ilikuwa Januari, mvua ya usiku yenye upepo. Nilikuwa na mbuzi tuliyemwita Madoa, mama mzuri, mapacha kila msimu. Saa kumi alfajiri nikasikia mlio nikatoka na tochi. Madoa alikuwa amezaa, anamlamba mmoja pale penye ukavu, na mwingine alikuwa ameteleza kwenye tope karibu na mlango. Alikuwa hai. Mtoto wa mbuzi wetu ana kilo mbili tu, mwili wote umelowa, mafuta ya kumpa joto ni kidogo mno, na upepo unapita. Nilimtia kidole mdomoni, mdomo ulikuwa wa baridi.

Mimi nilijua umuhimu wa dang'a, yale maziwa ya kwanza mama akishazaa. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo vijiji na vijiji. Mtoto wa binadamu huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni, wa mbuzi hapewi hata tone, kinga yake yote iko kwenye yale maziwa mazito ya manjano ya kwanza. Na utumbo wake uko wazi kuipokea kwa muda mfupi tu. Saa sita za mwanzo ndizo bora, na siku moja ikipita mlango umefungwa. Haya yote nilikuwa nayo kichwani. Basi nikamkamua Madoa mbio mbio kwenye kikombe, nikamshika mtoto, nikamfungua mdomo, nikamnywesha kwa kijiko. Akameza kidogo. Akakohoa mara mbili. Kabla ya saa kumi na moja alikuwa amekufa mkononi mwangu.

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa ameshaamka kuwasha moto. Nilisimama mlangoni na kile kikombe, akanitazama, akasema, "Ungemleta jikoni kwanza." Hakuongeza neno.

Mtoto aliyepoa hawezi kumeza sawasawa. Maziwa yanapita njia ya pumzi yanaingia mapafuni. Hata yakifika tumboni hayasagiki, maana tumbo nalo limelala. Joto kwanza, dang'a baadaye. Mama yangu hakusoma hata darasa moja, na alilijua hilo kwa sababu alikulia kwenye tembe, wenye nyumba na watoto wa mbuzi wakilala chini ya dari moja, moto katikati. Mimi nilikuwa na cheti ukutani. Katika safu ya sababu, ukurasa wa tisa, niliandika: nilimuua mimi.

Kwa hiyo shikeni jambo hili hata kama mengine yote yatapotea njiani. Ukimkuta amepoa, mkaushe kwa gunia kwa kumsugua, mpeleke kwenye joto. Akiwa ameganda kabisa, mwili uingie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kichwa kikiwa nje, kisha umkaushe tena. Rudia kidole mdomoni. Mdomo ukipata moto, akainua kichwa, akaanza kunyonya kidole chako, sasa lete dang'a. Mtoto wa kilo mbili anahitaji kama mililita 200 siku ya kwanza, zigawanywe mara nne au tano. Mama hana? Mkamue mwenzake aliyezaa jana. Hayupo? Dang'a ya ng'ombe inafaa. Mimi huwa nagandisha kidogo kwenye chupa, kwenye friza la jirani muuza soda. Ukiitoa, iweke kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe. Ukichemsha umepika kinga, umebaki na mchuzi. Yule jirani, mara moja mteja wake alikaribia kuuziwa dang'a akidhani ni juisi ya embe. Tuendelee.

Mwaka uliofuata, mvua ile ile, nikamkuta mwingine. Safari hii sikukamua kitu. Nilimfunga kwenye koti nikakimbia jikoni. Mama akamweka mapajani, akamfunika kanga, akaendelea kuchochea moto kama vile hana kitu. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Kulipokucha yule mtoto alisimama, miguu imeachana kama kigoda kibovu, akapiga hatua tatu, akakojoa kwenye kiroba cha unga wa ugali. Hakuna aliyemgombeza. Tulikula ugali huo, na sitasema zaidi.

Yako mambo ambayo joto la jikoni haliyawezi. Mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa iliingia Dodoma yetu hii, na dalili ya kwanza ilikuwa majike kutupa mimba moja baada ya nyingine. Watu nao walikufa. Kwa hiyo mbuzi akitupa mimba usiushike ule uchafu kwa mikono mitupu, hasa wewe mama uliye mjamzito. Fukia, ripoti. Brusela, ugonjwa mwingine wa kutupa mimba, nayo inapita njia hiyo hiyo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, kule kaskazini, na chanjo yake ipo. Jike aliyechanjwa anampitishia mwanawe kinga kwenye dang'a, ndiyo maana mtoto anasubiri mpaka miezi minne hivi ndipo achanjwe yeye mwenyewe. Mnaona tumerudi kwenye kikombe kile kile.

Kuna kijana ameniandikia kikaratasi, anauliza kama ni kweli mbuzi anaomboleza. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nimeona jike aliyefiwa akirudi pale pale alipozalia, ananusa udongo, anaita, siku mbili, sauti inakauka. Mama yangu alikuwa na dawa yake. Alimchuna yule mtoto aliyekufa, ngozi akamvalisha yatima kama fulana, akamsogeza kwenye kiwele. Jike ananusa mkiani, anasikia harufu ya wake, ananyamaza. Baada ya siku chache ngozi inaondolewa, lakini kufikia hapo harufu ya maziwa yake mwenyewe imeshampenya yatima, na amekuwa wake. Mara ya kwanza kuona nilikuwa mdogo, nikaogopa. Sasa nafanya mwenyewe, na bado si kazi ninayoizoea.

Na furaha? Furaha njooni muione saa kumi na mbili jioni. Watoto wetu wadogo hawaendi malishoni, wanabaki nyumbani kutwa. Kundi likikaribia, kabla hujaliona, wao wameshasikia. Wanaanza kulia zizini, mama zao wanajibu kutoka kwenye vumbi, halafu lango linafunguliwa na hapo ni vurugu tupu: mtoto anakimbilia asiye mama yake anapigwa kichwa, anajaribu mwingine, anapigwa tena.  Na katika dakika chache kelele zote zinakatika ghafla kama redio iliyoishiwa betri, maana kila mmoja amempata wake, mikia inatikisika. Mke wangu husimama pale na kikombe cha chai ya wajukuu, akisubiri kukamua kilichobaki. Tulishakubaliana kuwa mwezi wa kwanza wa maisha ya mtoto kikombe kinasubiri. Tulikubaliana baada ya mabishano, lakini tulikubaliana.

Msimu uliopita walizaliwa 34, wakafa watano. Mmoja alizaliwa maiti, mmoja nyoka, wawili walihara mvua ilipozidi na zizi likawa tope, kosa langu, sikuinua sakafu. Wa tano alikuwa mzima, amenyonya, ana joto, asubuhi nikamkuta ameshakufa. Safu yake ya sababu iko wazi mpaka leo.

Nasikia harufu ya supu, na mwenyekiti ananiangalia. Daftari naliacha hapa mezani, mwenye kutaka kunakili mistari yake anakili. Ukurasa wa tisa una doa la manjano. Msidhani nilimwagia chai.