Maumivu ya Mgongo Yasiyokwisha: Kuifahamu Mayeloma
Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum. Wazee wetu, ndugu zangu, nanyi wauguzi mliotoka Wete na Mkoani, nakushukuruni kwa kuitikia wito. Nitazungumzia mayeloma, saratani ya damu inayoanzia katika uboho, yaani ule ute uliomo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa.

Katika uboho zimo seli za plasma, ambazo kazi yake ni kutoa kingamwili, na kwa kawaida kila ukoo wa seli hizo hutoa kingamwili ya namna yake ili mwili upate kinga ya maradhi mengi. Seli moja ikiharibika na kuzaana bila ya kikomo, kizazi chake chote hutoa protini ya aina moja tu, nyingi mno na isiyokinga kitu. Hapo uboho husongwa, damu ikapungua na mgonjwa akachoka. Mifupa huliwa, hasa pingili za mgongo, mbavu na nyonga. Kalsiamu iliyotoka mifupani hujaa katika damu, ikaleta kiu, kufunga choo na hata kuchanganyikiwa. Na vipande vya protini ile huziba vijimirija vya figo. Maradhi haya hayaambukizi, wala si hasadi ya mtu. Huwapata zaidi waliopindukia miaka 60.

Mzee aliyepanda mikarafuu tangu ujanani akilalamika mgongo, sote husema ni kazi na umri, na mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu yanayoendelea kwa wiki kadhaa, yakaandamana na uchovu, kukonda au homa ya mapafu ya mara kwa mara, yanataka uchunguzi. Linalonisikitisha mno ni kuwa mzee huyo huendelea kununuliwa diklofenaki au ibuprofeni dukani, dawa ambazo huweza kuziangamiza figo zilizokwisha kuelemewa.

Wauguzi, nawaombeni mlizingatie hili: kijiti cha kupimia mkojo hutambua zaidi albumini, yaani protini ya kawaida ya damu, kwa hivyo kinaweza kuonesha mkojo hauna kasoro ilhali protini ya mayeloma imo. Protini hiyo ilichunguzwa na daktari Henry Bence Jones wa London katika miaka ya 1840, naye aliijua kwa kuupasha mkojo moto. Siku hizi huombwa elektroforesisi, yaani kipimo cha kutenganisha protini za damu na za mkojo, pamoja na hesabu ya damu, kalsiamu na kreatinini inayoonesha hali ya figo, kisha sampuli ya uboho. Eksirei iliyo safi haiondoi shaka, kwani tundu halionekani mpaka mfupa upoteze asilimia 30 au zaidi ya madini yake.

Kuhusu tiba, dawa kama bortezomibu, lenalidomidi na deksamethasoni kwa kawaida haziyang'oi maradhi haya, bali huyatuliza, na wagonjwa wengi huishi nayo kwa miaka. Hata thalidomidi, iliyolaaniwa kwa kulemaza watoto tumboni, ilithibitika mwaka 1999 kuwa inawafaa baadhi ya wagonjwa hawa. Lakini mjamzito asiiguse kabisa.

Mgonjwa aliyemo katika tiba akipata homa, apelekwe hospitali siku ile ile. Na yule ambaye miguu inamlegea ghafla au mkojo unamzuia, uti wake wa mgongo huenda umebanwa. Huyo asingojeshwe siku ya kliniki, wala asisubiri kupambazuke.