Shahada ya Sanaa za Maonyesho na Deni Lake

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, nanyi wanafunzi wa kidato cha nne ambao ndio sababu ya mkutano wetu wa leo hapa Lamu.

Nimeombwa nijibu swali ambalo wazazi huniuliza barazani, tena kwa sauti ya chini: kijana akisomea sanaa za maonyesho chuo kikuu kwa miaka minne, atarudi na nini mkononi? Silichukui swali hili kuwa ni dharau kwa sanaa. Mji unaojaa wageni kila Mfungo Sita kwa ajili ya Maulidi hauhitaji kufunzwa na mimi kwamba watu husafiri mbali kuja kuona na kusikia. Anayeuliza ni mzazi ambaye ada ya mwanawe hutoka katika samaki au katika punda wa kubeba mawe, na mzazi huyo ana haki ya kujibiwa kwa hesabu.

Jibu langu nalitanguliza. Thamani ya kifedha ya shahada hii huamuliwa na deni linaloandamana nayo kuliko inavyoamuliwa na mshahara unaotarajiwa, kwa kuwa mapato ya msanii hupanda na kushuka kama maji ya bahari, ilhali deni hujulikana tangu siku ya kutia saini.

Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Marekani. Mwaka 2017, wizara ya elimu ya huko ilitangaza matokeo ya kanuni iliyozipima kozi kwa kulinganisha deni la wahitimu na kipato chao. Miongoni mwa zilizoanguka ilikuwamo kozi ya uigizaji ya miaka miwili, ya baada ya shahada ya kwanza, iliyoendeshwa na American Repertory Theater katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wahitimu wake walikuwa wakipata takriban dola 36,000 kwa mwaka huku wakidaiwa takriban dola 78,000, yaani deni la zaidi ya miaka miwili ya mapato yote, kabla ya kodi, chakula na nauli. Kozi ikasimamisha usajili. Hakuna aliyesema kwamba waliohitimu hapo hawajui kuigiza. Kilichoshindwa ni bei. Kisha mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Yale kikapokea zawadi ya dola milioni 150, kikaondoa ada katika shule yake ya drama. Mhitimu wa Yale huingia katika soko lile lile na kugombea nafasi zile zile, ila yeye haanzi safari na mzigo wa ada mgongoni.

Sasa tuje kwetu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi tunaiita HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mkopo wake wa kawaida wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tuchukue mfano wa kijana anayemaliza chuo akidaiwa shilingi 240,000. Riba yake ya mwaka ni shilingi 9,600, sawa na 800 kwa mwezi. Hiyo hubebeka. Lakini asiyelipa wakati wake ukifika hutozwa adhabu ya shilingi 5,000 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 60,000: zaidi ya mara sita ya riba yenyewe. Naomba akina mama mliokaa mbele mzishike hesabu hizo mbili, kwa sababu kinachomuumiza msanii hasa ni ile miezi ambayo hakuna aliyemwita kazini.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilitoka chuoni nikiamini kwamba nitaishi kwa kuigiza, na kazi yangu ya kwanza ya malipo ikawa kufunga taa za jukwaa. Mwenye kazi, ambaye sitamtaja, alinilipa baada ya miezi saba. Adhabu ya miezi hiyo ilikuwa shilingi 35,000, nayo haikunisubiri.

Hata hivyo taa zile ndizo zilizonifungulia mlango. Anayejua taa, sauti, mavazi na usimamizi wa jukwaa huitwa harusini, kwenye mikutano ya kaunti na kwenye matamasha, wakati ajuaye kuigiza tu anangoja mchezo uandikwe. Kwa hiyo mwanafunzi asiyakimbie masomo ya ufundi kwa kuyaona ya nyuma ya pazia.

Njia ya pili ni ualimu, na hapa naomba tutue kidogo, kwa kuwa wengi hukosea. Mtaala mpya umeingiza Sanaa za Maonyesho na Filamu katika shule ya upili ya juu, na Gredi ya 10 ya kwanza imeanza Januari 2026. Walimu watahitajika. Lakini Tume ya Huduma za Walimu humtaka mwalimu wa sekondari awe na shahada ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia, au shahada nyingine yenye masomo hayo mawili, ikifuatiwa na stashahada ya uzamili ya ualimu. Aliyesomea jukwaa peke yake atalazimika kurudi chuoni na kulipa tena. Binti anayependa maigizo, na Kiswahili chake ni kizuri, namshauri aulize mapema, kabla ya kujaza fomu, kama chuo anachokitaka kitamruhusu kuunganisha masomo hayo mawili na ualimu. Asiyehitaji shahada aitazame pia Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 hufundisha hadi ngazi ya stashahada, kwa muda mfupi kuliko chuo kikuu.

Baada ya sala ya Alasiri nitakuwa kwenye meza ile ya mlangoni, na karatasi na kalamu. Mzazi aje na mwanawe na ada ya chuo wanachokitaka. Tutaandika deni la miaka minne upande mmoja, na upande wa pili tutaandika kazi ambazo kijana mwenyewe yuko tayari kuzifanya katika mwaka wake wa kwanza.