Kutambua Trametes versicolor kwenye gogo: geuza chini kabla ya kuutaja jina

Huu hapa uyoga wa Trametes versicolor, umepangana kama vigae kwenye gogo. Kahawia, kijivu, buluu, rangi ya kutu: zote hutokea katika aina hii, hata kwenye kisiki kimoja, ndiyo maana rangi huwapoteza wengi. Cha kutazama ni mpangilio wake, yaani mistari ya upinde inayofuatana hadi ukingoni. Andaa kisu kidogo, rula yenye milimita na lenzi ya kukuza mara 10.

Anza na mti wenyewe. Mara nyingi ni mti mfu wa majani mapana, si msonobari. Kwangua kidogo: mbao imepauka na kulainika, kwa sababu kuvu huyu humeng'enya lignini, kile kinachoipa mbao ugumu.

Sasa kata kofia moja nzima, mpaka pale inaposhika gogo. Haina kikonyo. Upana huwa kama sentimita 2 hadi 10, unene milimita 1 hadi 3 tu. Ukiwa mnene kama kidole, uache, ni mwingine. Pitisha kidole juu yake: unahisi mahameli. Ukijani kwenye kofia kuukuu ni mwani uliojiotea, usiuhesabu.

Geuza. Hapa ndipo kesi inapoamuliwa. Upande wa chini uwe mweupe au rangi ya maziwa, wenye vitundu vidogo mno. Uelekeze kwenye mwanga kwa mshazari, weka rula, hesabu vitundu ndani ya milimita 1. Vikiwa 3 au zaidi, uko njiani. Kimoja au viwili? Si wenyewe.

Chini pakiwa laini kabisa, bila kitundu hata kwa lenzi, huo ni uyoga mwingine, Stereum, mdanganyifu mkubwa kuliko wote. Kwa juu hufanana nao kama pacha. Ukiona vikunjo kama kurasa za kitabu, ni Lenzites betulina. Ukingo wa zambarau na vitundu vilivyochanika kama meno ni dalili ya Trichaptum.

Kofia ya msimu uliopita huwa ya manjano chini na imetobolewa na wadudu, kipimo chake hakiaminiki. Tafuta changa, yenye ukingo mweupe, kisha ikunje: ikiwa mbichi hupinda kama ngozi bila kuvunjika.

Ukitaka mwenzako akuthibitishie, piga picha ya juu, ya chini na ya mkato. Ya juu pekee haimsaidii kitu.