Miguu Hainisikii

Mhadhara kwa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu wanaoanza zamu ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mlio nyuma sogeeni mbele, viti hivi havina mwenyewe.

Najua mnaiogopa zamu hii. Woga huo una hata jina. Mwaka 1994 daktari mmoja wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliuita nurofobia. Alisema mwanafunzi anajazwa anatomia ya ubongo darasani, kisha anafikishwa kwa mgonjwa na hajui aitumieje. Nakubaliana naye. Ila sisi tuna mto wa pili wa kuvuka, ambao yeye hakuwa na sababu ya kuutaja: wagonjwa wake walizungumza lugha ya vitabu vyake. Wa kwetu wanaumwa kwa Kiswahili, sisi tunaandika faili kwa Kiingereza, na katikati ya hapo ugonjwa unapotea.

Waliokwisha kunisikia wanajua kisa kinachofuata. Wavumilie.

Miaka mingi iliyopita, kwenye hospitali nisiyoitaja, aliletwa mzee mmoja mkulima, amebebwa na wanawe wawili. Intani, daktari aliye mafunzoni, akamuuliza kwa haraka, "Unaumwa nini?" Hata shikamoo hakumpa. Mzee akasema, "Miguu imekufa ganzi." Intani akaandika kwa Kiingereza neno la ganzi, ile ya kutohisi. Basi. Neno hilo likatembea lenyewe wadini kama lina miguu, tena mizima kuliko ya mzee. Kila aliyefungua faili alilikuta, akaliamini, akaongeza vidonge vya vitamini B. Mimi pia. Nilipita kitandani pale raundi mbili, nikasoma faili, nikatikisa kichwa kama msomi, nikaenda kitanda kingine. Wiki ya tatu mtu akasema tumpige picha ya CT ya kichwa. Wanawe wakauza ng'ombe. Picha ikarudi safi kabisa, na mimi nikafurahi! Ng'ombe ameuzwa, mzee hasimami, daktari anafurahia picha.

Siku hiyo raundi ilichelewa, nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mzee wangu, ukisema ganzi, unamaanisha nini hasa?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema. "Daktari, miguu hainisikii. Naiambia nyanyuka, hainyanyuki."

Andikeni hilo. *Miguu hainisikii.* Hakusema *siisikii miguu*. Kwa Kiswahili ni kitenzi kilekile, aliyebadilika ni mtendaji tu. Ukisema siisikii miguu, habari za mguu hazifiki kichwani: hiyo ni njia ya hisia. Ukisema miguu hainisikii, amri ya kichwa haifiki mguuni: hiyo ni njia ya nguvu. Njia mbili tofauti zenye vituo tofauti, nanyi mlizichora kwa kalamu za rangi mwaka wa kwanza mkapata A. Mzee ambaye hajaona kitabu cha anatomia alizitenganisha kwa viambishi viwili.

Nikaomba nyundo. Nikagonga goti, mguu ukaruka ukakaribia kunipiga. Nikakwaruza unyayo, kidole gumba kikapanda juu. Daktari Mfaransa, Babinski, aliieleza alama hiyo ya njia ya nguvu iliyoharibika mwaka 1896, haihitaji umeme. Kisha nikachukua pini, nikaanza miguuni nikipanda taratibu. "Unasikia?" "Kidogo." "Hapa?" "Kidogo." Nilipovuka kitovu tu, mzee akashtuka, "Hapo umenichoma!" Upande wa pili, palepale. Kumbe hisia nazo zilikuwa zimeanza kupungua, ila hilo silo lililomleta. Sasa nawauliza: ubongo unaweza kuchora mstari kitovuni, kulia na kushoto sawasawa? Hauwezi. Mstari ule unachorwa na kamba ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo, na unakuambia ubaya uko usawa wa kitovu au juu yake. Tulikuwa tumepiga picha chumba ambacho mwizi hakuingia.

Nikauliza habari ya mkojo. Akainamisha macho. Ulikuwa unakataa kutoka kwa wiki nzima, lakini hakuna aliyemuuliza, na mzee wa watu hawezi kuanza mwenyewe habari hiyo mbele ya wasichana wa rika la wajukuu zake. Tukamgeuza. Mgongoni palikuwa na kinundu. Nilipokigonga kwa vidole, akaguna. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, pingili mbili zimelika. Eksirei ya kawaida iliyaonyesha yote, nayo haina bei ya ng'ombe.

Alianza dawa za TB. Alitoka kwa magongo mawili. Angekuja kutembea bila magongo kama tungeuliza siku ya kwanza? Inawezekana, maana kamba ile ikibanwa, kila siku ina thamani yake. Wiki tatu zile tulizila sisi, kwa tafsiri.

Hapa huwa ananyanyuka mtu na kuniambia, "Profesa, Kiswahili hakina istilahi za kitaalamu." Nani kamwomba mgonjwa istilahi? Istilahi ni kazi yako. Yeye analeta malighafi, na malighafi ya Kiswahili ni tajiri mno, ndiyo maana inakushinda. Chukua *mshipa*. Ni mshipa wa damu, ni wa fahamu, kwa wengi ni kano, na kule pwani mwanamume akikuambia kwa sauti ya chini kwamba ana mshipa, weka nyundo yako mfukoni, anazungumzia ngiri au busha. Nimemwona kijana akipima rifleksi, ile mishtuko ya kano zikigongwa kwa nyundo, za mtu wa busha. Zilikuwa nzuri sana.

Au *kizunguzungu*, wengine husema *kisunzi*. Mmoja anaona nyumba inazunguka. Mwingine macho yanaingia giza akisimama, huyo mpime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, mwangalie na damu. Wa tatu kichwa chake ni kizima, ila akitembea anayumba kama katoka kilabuni. Wa nne ana njaa na mawazo ya ada za watoto. Wote wanne faili linawaandikia neno moja. Mzuie mgonjwa asilitumie neno hilo, mwambie, "Nieleze bila kusema kizunguzungu." Atahangaika kidogo, kisha atakupa utambuzi. Akishindwa kabisa, uliza kinaanza ghafla au polepole, kinakaa muda gani, kinachokozwa na nini, na je, akigeuka kitandani?

"Na asiyejua Kiswahili?" Tafuta mkalimani, lakini si mjukuu wa miaka kumi. Bibi anaeleza kwa Kisukuma dakika tano nzima, mjukuu anageuka na kusema, "Anasema kichwa." Dakika kumi na tano za mkalimani mzuri ni bora.

"Na CT siku hizi zipo." Zipo, nashukuru, na kwenye kiharusi ipige upesi, usinisubiri mimi. Lakini mashine hupiga pale ulipoielekeza. Kwanza ni wapi, ndipo ni nini. Na mitihani yetu, niseme kweli mbele ya walimu wenzangu, inaharibu hili: mwanafunzi anapata alama kwa kugonga kano zote kwa mpangilio, na sijaona kituo cha mtihani kinachotoa alama kwa kuuliza ganzi gani.

Naona saa. Nilikuwa na mambo sita, tumemaliza moja.

Rifleksi, haraka, semeni nami: moja-mbili kifundo cha mguu, tatu-nne goti, tano-sita mbele ya kiwiko, saba-nane nyuma ya kiwiko. Namba hizo ni za mizizi ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo: mbili za kwanza hesabuni kutoka chini, S ya nyonga na L ya kiunoni, mbili za mwisho shingoni. Imekwisha, hata mtoto wa chekechea ameielewa.

Habari ya kuanguka: muulize aliyeona, kwa sababu aliyeanguka hakuwepo. Mama akisema degedege, usimcheke, mwambie aigize kwa mikono yake.

Na hili siliruki. Mwaka 1985, wilayani Tarime, watu walipooza miguu yote miwili kwa ghafla. Rifleksi zilikuwa kali kama za mzee wangu, lakini pini iliwachoma kila mahali, hakuna mstari. Ulikuwa ukame, watu wanaishi kwa muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha, sumu ya sayanidi imebaki ndani. Picha ya CT haikuambii hayo. Unaambiwa ukiuliza, "Muhogo mliuandaaje mwezi ule?" Ugonjwa huo unaitwa konzo. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na jina ni la Wayaka wenyewe, wenyeji wa huko, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Chikungunya nayo ni neno la Kimakonde, la kupinda, kutoka mlipuko wa 1952 kusini mwetu hapa. Walioyapokea majina hayo waliwasikiliza wagonjwa kwanza. Sasa mnaniambia lugha zetu hazina istilahi.

Kutazama nyuma ya jicho, nimekosa muda, mtafundishwa na mwenzangu Alhamisi, naye ana subira kuliko mimi.

Kesho saa 2 asubuhi wadini. Kila mtu na nyundo, tochi, pamba, na pini mpya kwa kila mgonjwa. Pini ya mtandio sitaki kuiona. Mama wa kitanda cha 7 amelazwa na kisunzi, ndivyo faili linavyosema. Sitafungua faili. Mje mnieleze ni kisunzi gani.